Bendi Ikivunjika: Mwongozo Kamili kwa Mwanamuziki wa Dansi Aliyebaki Bila Kazi

Bendi ya dansi haifi kwa tangazo. Kwanza onyesho la Jumatano linafutwa kwa sababu ya mvua, halafu mshahara wa mwezi unalipwa nusu, na hatimaye siku moja mnafika mazoezini mkakuta stoo ina kufuli jipya na vyombo vimekwisha kupakiwa kwenye Canter. Nilipiga besi katika bendi za Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kufuli la namna hiyo nimelikuta mara mbili. Mara ya kwanza niliondoka na nauli ya daladala tu. Mara ya pili niliondoka nikiwa na malipo yangu na gitaa langu mwenyewe, si kwa kuwa tajiri wa pili alikuwa na huruma kuliko wa kwanza, bali kwa kuwa katikati ya mara hizo mbili nilikuwa nimejifunza kutunza karatasi na kumiliki chombo.

Mambo hayo mawili ndiyo yatakayorudi katika kila hatua ya mwongozo huu. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA, kwa hiyo msomaji aliyeko Unguja au Pemba afuate mwelekeo wa hatua hizi lakini aulize tarehe na viwango huko huko.

Kabla ya kuanza, inafaa kueleza kwa nini mwanamuziki wa dansi hujikuta mtupu kuliko mafundi wengine. Bendi zetu nyingi kubwa zilizaliwa ndani ya mashirika: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, BIMA Lee ilikuwa ya shirika la bima, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Shirika lilinunua magitaa, ngoma na matarumbeta, likawalipa wapigaji mshahara, na vyombo vikabaki kuwa mali ya shirika. Mashirika yalipojitoa na bendi kuhamia mikononi mwa wenye baa na watu binafsi, desturi ya mwenye vyombo kuwa ndiye mwenye bendi ilibaki, ila mshahara wa uhakika ukaenda na wakati wake. Fundi seremala akifukuzwa huondoka na randa yake. Mpiga solo akifukuzwa huondoka na vidole.

Hatua ya kwanza: usitie saini, na uhesabu siku kuanzia leo

Jambo la kwanza ambalo mwenye bendi huwafanyia wanamuziki anapotaka kuwaacha ni kuwaletea karatasi. Mara nyingi huambatana na bahasha yenye kiasi kidogo cha fedha na maneno laini: "Hii ni ya kumalizana tu, tia saini hapa." Soma karatasi hiyo yote. Ikiwa imeandikwa kwamba umeacha kazi kwa hiari yako, au kwamba huna madai yoyote dhidi ya mwajiri, usiitie saini hata kama kodi ya chumba inakudai. Kiinua mgongo hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, na mafao ya upotevu wa ajira ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hayatolewi kwa mtu aliyejiuzulu. Ikiwa unahitaji fedha iliyomo katika bahasha, omba uandike kwa mkono wako: "Nimepokea shilingi kadhaa, ikiwa ni sehemu ya madai yangu," kisha weka tarehe na upige picha ya karatasi hiyo kwa simu kabla hujairudisha.

Halafu fungua kalenda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa, na madai mengine ya kazi, kama mishahara ambayo haikulipwa, hupelekwa ndani ya siku 60. Wanamuziki tuna ugonjwa mmoja wa kusubiri: tunaambiwa bendi "imepumzika" na itarudi baada ya Ramadhani, au baada ya Kwaresima, au tajiri akirudi safari, nasi tunakaa kijiweni tukiimba nyimbo za zamani mpaka muda unapita. Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda, lakini ni lazima uoneshe sababu ya msingi ya kuchelewa, na kwamba uliahidiwa kwa mdomo ni sababu dhaifu.

Hatua ya pili: thibitisha kwamba ulikuwa mwajiriwa

Hapa ndipo kesi nyingi za wanamuziki hufia kabla hazijaanza, kwa sababu mwenye bendi husema, "Huyu hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa msanii tu, anakuja kupiga na kuondoka." Mwanamuziki husikia hivyo, huangalia na kuona kwamba kweli hana mkataba, kisha hukata tamaa.

Asikate tamaa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwenzake huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Miongoni mwa mambo hayo ni kwamba namna ya kufanya kazi au saa za kazi hupangwa na huyo mwingine. Kwamba mtu huyo ni sehemu ya taasisi hiyo. Kwamba amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba kipato chake kinamtegemea huyo mwingine. Kwamba anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Na kwamba amepewa vifaa vya kazi na huyo mwingine. Soma tena hilo la mwisho. Vyombo vile vile ambavyo tajiri hujivunia kuwa ni vyake ndivyo vinavyoweza kumfunga.

Hesabu ya saa nayo ni rahisi. Bendi inayopiga usiku tatu kwa wiki, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 9 usiku, inampa kila mwanamuziki saa 18 kwa wiki na saa 72 kwa wiki nne, kabla hata ya kuhesabu mazoezi ya Jumanne mchana. Saa 45 zilikwisha kupitwa zamani.

Sasa kusanya ushahidi wa mambo hayo, na uufanye mapema, kwa kuwa makundi ya WhatsApp hufutwa na simu huibwa. Hifadhi jumbe za ratiba ambazo kiongozi wa bendi alikuwa akizituma, hasa zile za "msipofika saa moja kamili mtakatwa", maana zinaonesha nani alipanga muda na nani alikuwa na uwezo wa kuadhibu. Tafuta mabango na matangazo ya maonyesho yenye jina au picha yako. Omba kampuni ya simu ikupe taarifa ya miamala yako, kwa sababu malipo ya kila Jumatatu kutoka kwa namba moja ni ushahidi unaojieleza wenyewe. Andika majina ya wenzako walio tayari kutoa ushahidi na, ikiwezekana, wa mhudumu wa kaunta au mlinzi wa ukumbi, kwa kuwa yeye hana madai yake mwenyewe na maneno yake husikilizwa kwa uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, basi usidhani ujumbe wa simu ni kitu cha kuchekwa.

Hatua ya tatu: jua unadai nini, kwa tarakimu

Mwanamuziki akiulizwa anadai kiasi gani, mara nyingi hujibu kwa hadithi ya jinsi alivyoteseka. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini msuluhishi anahitaji jedwali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaeleza malipo anayostahili mtu anayeachishwa kazi: mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi, likizo aliyoidai na hakuichukua, malipo badala ya notisi ikiwa hakupewa, kiinua mgongo, na nauli ya kumrudisha mahali alipoajiriwa ikiwa alitolewa mbali. Ni haki yake pia kupewa cheti cha utumishi. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, na miaka inayohesabiwa haizidi 10.

Chukua mpiga saksafoni aliyelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi kwa miaka 8, akifanya kazi siku 6 kwa wiki pamoja na mazoezi. Gawanya 300,000 kwa 26 upate mshahara wa siku, yaani takriban 11,538. Zidisha kwa siku 7, halafu kwa miaka 8. Unapata kama shilingi 646,000, na hapo hujaongeza notisi, likizo wala malimbikizo. Si fedha ya kununua kiwanja, lakini ni gitaa, na tutaona baadaye kwa nini gitaa hilo lina maana.

Fika ofisi ya CMA ya mkoa, omba fomu ya malalamiko, jaza, na upeleke nakala kwa mwajiri huku ukibaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Hatua ya mwanzo ni usuluhishi, ambao umewekewa siku 30, na madai mengi humalizikia hapo kwa kuwa mwenye baa hapendi kuitwa mbele ya Tume mara kwa mara. Ikishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi. Ikiwa ulifanya kazi kwa chini ya miezi 6, hutaweza kulalamikia uhalali wa kuachishwa kwenyewe, ila mshahara uliokwisha kuufanyia kazi unabaki kuwa deni. Kwa asiye na uwezo wa wakili kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii hueleza wanapopatikana. Na nendeni wengi. Watu saba wa bendi moja wakijaza fomu siku moja, wakiwa na jedwali la namna moja, hawawezi kuambiwa kwamba mmoja wao ni mlevi mwenye kinyongo.

Kwa deiwaka wa kweli, yule aliyeitwa usiku mmoja kuziba nafasi ya mgonjwa na hakulipwa, njia ni fupi zaidi. Mwandikie mdaiwa barua ya madai ukimpa siku 14, ukieleza tarehe, ukumbi na kiasi mlichokubaliana, kisha fungua madai Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili.

Hatua ya nne: hesabu nyimbo zako kama mali

Wakati madai yanaendelea, kaa chini na daftari la kurasa nyingi. Andika kila wimbo uliowahi kuutunga au kushiriki kuurekodi: jina, mwaka, studio, nani alitunga maneno, nani alitunga muziki, nani aliimba, nani alipiga nini. Wanaokumbuka kurekodi Radio Tanzania miaka ya 1970 na 1980 waanze na nyimbo hizo, kwa sababu ndizo zinazorudiwa redioni hadi leo na mashahidi wake wanazidi kupungua.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, humlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na wapigaji na waimbaji nao wana haki zao katika rekodi. Haki ya mtunzi huanza pale kazi inapofanyika, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, kunakupa ushahidi siku utakapozuka ubishi. Ukifika huko uliza pia ni chombo kipi kinachokusanya na kugawa mirabaha ya muziki kwa sasa, kwa kuwa marekebisho ya karibuni yamefungua mlango kwa vyama vya kukusanya, na si vyema ujaze fomu ya usajili ukidhani umekwisha kujiandikisha kwa malipo.

Ugumu uko mahali pawili. Wa kwanza ni wimbo uliotungwa ukiwa kazini, kwa sababu mwajiri anaweza kuwa na haki ya kuutumia kibiashara, hasa ikiwa mkataba ulisema hivyo. Hata hapo, haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye mtunzi inabaki kwako. Ugumu wa pili ni wa sisi wenyewe. Nyimbo za dansi hukamilikia mazoezini: mmoja analeta shairi, mwingine anaweka kiitikio, mpiga solo anazua ile sehemu ya mwisho ambayo ndiyo watu huinukia. Miaka 20 baadaye kila mmoja anasema wimbo ni wake. Nakushauri uwatafute wenzako wakiwa hai, mkae mchana mmoja kwenye chai, mwandike mgawo wa kila wimbo kwa asilimia na kila mtu atie saini. Mgawo usio kamili uliokubaliwa ni bora kuliko mgawo wa haki kabisa unaogombaniwa na wajane. Kwa mtunzi aliyefariki, warithi wake wanahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama kabla hawajadai chochote, na ni utu kuwaambia hivyo badala ya kuimba nyimbo za marehemu kila Jumamosi ukikaa kimya.

Kumbuka pia upande wa pili wa sarafu hiyo. Ukianza kurekodi kopi za nyimbo za wengine na kuziweka YouTube, wewe sasa ndiye unayehitaji ruhusa.

Hatua ya tano: nunua chombo kabla hujanunua chochote

Mtu akipata malipo yake ya kwanza hushawishika kununua spika kubwa, kwa sababu spika hukodishwa na huonekana. Mimi nasema chombo chako kitangulie. Mpiga besi mwenye besi yake huitwa kazini saa 12 jioni na saa 2 usiku yuko jukwaani. Asiye nayo huulizwa kwanza kama anaweza kupata ya kuazima.

Gitaa la mtumba si aibu, mradi ulikague. Lishike kama unayelenga bunduki, ukiangalia shingo yake kutoka kwenye mwili kwenda kwenye kichwa, uone kama imejipinda. Piga kila noti katika kila uzi, usikilize panapokwaruza. Chomeka waya, kisha uutikisetikise taratibu: sauti ikikatika, tundu la jeki limelegea, na hilo ni la kuchomea risasi tu, lakini lipunguzwe kwenye bei. Zungusha vishikizo vya sauti. Vikikoroma, vina vumbi na chumvi. Sisi wa pwani tunapaswa kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila tunapomaliza, maana hewa ya bahari hula chuma usiku na mchana. Ukikwisha kununua, mwombe muuzaji karatasi yenye jina lake na namba ya gitaa, upige picha namba hiyo, na uhifadhi picha mahali pengine zaidi ya simu yako. Siku utakapojiunga na bendi nyingine, karatasi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kupita getini na gitaa lako kama kufuli litabadilishwa tena.

Hatua ya sita: chagua kazi mpya kwa macho makavu

Sherehe ndizo zenye fedha ya haraka, na mlango wake hauko ukumbini. Uko kwenye kamati ya harusi, ambayo huanza vikao miezi kadhaa kabla, ikiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na bajeti yenye kifungu cha muziki. Bendi inayosubiri kuitwa wiki ya harusi hukuta kifungu hicho kimekwisha kuliwa na mapambo. Inayotuma video ya dakika mbili, yenye sauti safi, kwa mwenyekiti wa kamati katika kikao cha pili au cha tatu, hupangiwa fungu lake. Punguza watu: bendi ya watu 14 haiingii kwenye bajeti hiyo, ilhali watu watano wenye besi, solo, kinanda, ngoma na mwimbaji anayeweza kuimba za dansi, za injili na za taarabu wanaweza kupiga send-off Alhamisi, harusi Jumamosi na kumbukumbu ya mzee Jumapili.

Fedha ya harusi ina tabia yake, nayo ni kupotea baada ya maharusi kuingia. Nakumbuka usiku mmoja tulimaliza kupiga saa 7, tukaanza kukunja waya, na mweka hazina aliyekuwa akicheza mbele yetu dakika 10 kabla hakuonekana tena. Tulimpata kwa simu baada ya siku tisa, na alitulipa nusu akidai ahadi za wachangiaji hazikukamilika. Ahadi za wachangiaji si kazi ya bendi. Tangu hapo sikupiga tena bila ujumbe wa namna hii, ambao tarakimu zake ni za mfano:

"Ndugu Mweka Hazina, nathibitisha makubaliano yetu ya leo. Bendi ya watu watano itapiga Jumamosi kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 6:00 usiku. Malipo ni shilingi 900,000: 450,000 zinalipwa leo, na 450,000 siku tatu kabla ya sherehe. Spika, mixa na umeme ni juu ya kamati; usafiri wa bendi ni juu ya bendi. Kila saa itakayozidi ni shilingi 150,000, inalipwa kabla ya kuendelea. Sherehe ikiahirishwa, malipo ya awali yanahamia tarehe mpya mara moja tu. Tafadhali jibu: nakubali."

Neno hilo moja la "nakubali" ndilo mkataba. Asiyetaka kuliandika amekwisha kukuonesha atakavyokulipa.

Hoteli hulipa kidogo kuliko harusi lakini hulipa kila mwezi, hasa kwa watu wawili au watatu wanaoweza kupiga kwa sauti ya chini wakati wageni wanakula. Ili uingie huko unahitaji namba ya mlipakodi, ambayo TRA huitoa bila malipo, na ankara iliyoandikwa vizuri. Usishtuke ukikuta hoteli imekata asilimia 5 ya malipo: hiyo ni kodi ya zuio kwa huduma, na unachotakiwa ni kudai cheti chake, kwa kuwa fedha hiyo imelipwa kwa jina lako. Katika makubaliano taja chakula na usafiri wa usiku, maana daladala hazipo saa 8 usiku na pikipiki yenye gitaa na kikuza sauti ni hatari kwa vyote vitatu.

Kufundisha kunahitaji subira ambayo si kila mpigaji anayo. Kwaya za makanisa hutafuta walimu wa kinanda na gitaa, na wazazi mijini hulipia watoto wao. Toza kwa mwezi na upokee mwanzoni mwa mwezi, na useme tangu siku ya kwanza kwamba somo ambalo mwanafunzi hakuja bila taarifa linahesabiwa. Wengi wetu tulijifunza kwa sikio tu, hivyo mwenye nafasi aende asome nota: chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko Bagamoyo, na Unguja kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA. Sioni aibu kusema nilijifunza kusoma nota nikiwa na mvi, nikikaa benchi moja na vijana waliokuwa na umri wa mwanangu.

Ufundi wa vyombo umeachiwa watu wachache mno kulingana na mahitaji. Aliyekuwa akichomea waya nyuma ya jukwaa, akibadili koili za spika na kurekebisha mixa za makanisani, tayari ana kazi ambayo hakujua ni kazi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa na kupewa cheti, na fundi wa umeme mdogo au wa mbao anaweza kuuliza kama stadi yake imo.

Na ikiwa kwa miezi sita ijayo bajaji ndiyo inayolisha watoto, endesha bajaji. Niliwahi kuwa abiria wa mwimbaji ambaye zamani mashabiki walimtuza noti kipajini. Aliniambia anachokosa si makofi, ni mazoezi, basi akawa anafanya mazoezi ya sauti peke yake barabarani kila anaporudi bila abiria.

Hatua ya saba: jiwekee akiba ambayo mwajiri hakukuwekea

Ikiwa ulikatwa NSSF, nenda ukaangalie kama michango iliingia, maana kukatwa si kupelekwa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu yake. Aliyechangia miezi isiyopungua 18 na akaachishwa, si kujiuzulu, aulizie mafao ya upotevu wa ajira. Ambaye hakuwahi kuandikishwa anaweza kujiunga mwenyewe kama mtu aliyejiajiri, akachangia kwa simu kila baada ya onyesho.

Hatua ya nane: mkiunda bendi yenu, msiwe tajiri mwingine

Baada ya miezi michache wenzako watakupigia simu: "Mzee, tuungane." Kabla ya mazoezi ya kwanza kubalianeni kwa maandishi vyombo vipi ni vya nani, na jina la bendi litabaki kwa nani mkitengana. Halafu mgawo. Kwa harusi ile ya 900,000, ondoeni kwanza shilingi 100,000 za usafiri, kisha asilimia 10 ya zinazobaki, yaani 80,000, iingie mfuko wa nyuzi, matengenezo na ugonjwa. Zinabaki 720,000, na kila mmoja kati ya watano anapata 144,000. Kiongozi akistahili zaidi kwa kazi ya kutafuta maonyesho, asilimia yake iandikwe na ijulikane na wote. Fedha ya kutuzwa jukwaani iamuliwe mapema kama ni ya aliyetuzwa au ya wote, kwa sababu nimeona bendi nzuri ikivunjika kwa noti ya elfu kumi. Deiwaka naye alipwe usiku ule ule, kabla yenu.

Daftari la mgawo likae kwa mtu ambaye si kiongozi. Kila usiku aandike tarehe, mahali, kiasi kilichopokewa, matumizi, na jina la kila aliyepiga, na kila mmoja atie saini mbele ya jina lake kabla fedha haijaingia mfukoni, hata kama ni saa 9 usiku na usingizi umewashika, hata kama kilichopatikana ni shilingi elfu tano tano na chipsi za kugawana.